Mkemia anayetaka kushika usimamizi wa maabara Dar: aanze na masta, MBA au ISO 17025?

binti_wa_bureti

Wakuu, habari za kazi.

Nina shahada ya kemia, mwaka wa tano sasa kwenye maabara ya ubora ya kiwanda cha mafuta ya kula, upande wa Barabara ya Nyerere. Tunapima asidi huria, peroksaidi (dalili ya mafuta kuanza kuchacha), unyevu, rangi, na vitamini A kwa HPLC, mashine ya kutenganisha na kupima kemikali. Tupo sita, mwanamke ni mimi peke yangu. Msimamizi wetu anastaafu mwezi wa sita na uongozi umeniuliza kama naweza kushika nafasi. Sharti lao ni moja: ndani ya miaka miwili maabara iwe na ithibati, yaani utambuzi rasmi kwamba vipimo vyake vinaaminika.

Naomba msaada kwenye mambo haya. Nikasome masta ya kemia, MBA ya jioni, au nijikite kwanza kwenye ISO 17025, kiwango cha kimataifa cha umahiri wa maabara? Miezi mitatu ya mwanzo nishike nini? Mafundi sanifu wawili wamenizidi umri kwa miaka zaidi ya kumi na wamezoea kazi kwa namna yao, niwaingie vipi? Na la mwisho, natarajia kupata mtoto wa pili, wakati klorofomu iko mezani kwetu kila siku kwa ajili ya peroksaidi.

Nitashukuru kwa majibu yenye namba na hatua.

---

Mkaguzi_Ubungo

Dada, hongera. Kabla ya kufikiria shule, uliza swali moja kwenye kikao cha kukubali nafasi: nitaripoti kwa nani? Kama jibu ni mkuu wa uzalishaji, omba libadilishwe kabla hujasaini. Mtu anayebanwa na tani za leo hawezi kuwa huyohuyo anayempangia kazi anayesema tangi namba 3 halitoki. ISO/IEC 17025:2017, kifungu cha 4.1, inaitaka maabara isiruhusu shinikizo la kibiashara au la fedha kugusa matokeo, na mkaguzi wa ithibati ataomba mchoro wa uongozi siku ya kwanza. Ripoti kwa mkurugenzi au kwa meneja wa ubora aliye nje ya uzalishaji, na iandikwe kwenye barua ya kazi. Cheo kisicho na mstari huo kitakuchosha bure.

Kuhusu shule, msimamo wangu ni 17025 kwanza, masta baadaye, MBA mwisho au usiende kabisa. Kemia ya asidi huria unaijua tayari. Ambacho wakemia wengi wa viwandani hawajawahi kufanya kwa mikono yao ni uhakiki wa mbinu (kuthibitisha kwamba mbinu inatoa jibu sahihi), bajeti ya mashaka ya kipimo (hesabu ya jibu linaweza kupotoka kwa kiasi gani), na ukaguzi wa ndani. Hayo matatu ndiyo yanayotenganisha mpimaji na msimamizi. Kozi ya siku tano itakufundisha kusoma kiwango, lakini kukitekeleza utajifunza kazini. Ukishahakiki mbinu mbili au tatu kwa ukamilifu, hapo masta ya kemia pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, itakuwa na faida, maana utaingia na tatizo halisi la utafiti mkononi.

Jambo lingine ambalo uongozi huwa haulielewi, kwa hiyo waeleze mapema: ithibati haipewi maabara nzima kwa jumla, inatolewa kwa mbinu zilizoorodheshwa. Usijaribu zote tano. Anza na asidi huria, peroksaidi na unyevu. Vitamini A kwa HPLC iache kwa awamu ya pili, maana ina mambo mengi ya mwanga, ya kuitoa kwenye mafuta na ya viwango vya rejea. SADCAS, chombo cha ithibati cha ukanda wetu chenye makao Gaborone, watataka kuona kwamba mfumo umeshafanya kazi: ukaguzi wa ndani umefanyika, kikao cha mapitio ya uongozi kimefanyika na kuna kumbukumbu zake, na mmeshiriki majaribio ya kulinganisha maabara, ambapo maabara nyingi hupima sampuli ileile. Ukihesabu kurudi nyuma kutoka miezi 24, nyaraka na uhakiki vinapaswa kuwa vimekamilika kufikia mwezi wa 12.

Kwenye majaribio ya kulinganisha utapewa alama ya z. Chukua jibu lako, toa thamani iliyowekwa na waandaaji, gawanya kwa mkengeuko (kipimo cha kutawanyika kwa majibu) waliouweka. Mfano, umepata peroksaidi 5.3, thamani yao ni 4.6, mkengeuko 0.3: z ni 2.3. Hadi 2 ni salama, kati ya 2 na 3 ni onyo, 3 na kuendelea umeanguka. Hiyo 2.3 usiifiche kwenye droo. Mkaguzi anavutiwa zaidi na uchunguzi mzuri wa z ya 2.3 kuliko faili lenye z za 0.2 tupu.

---

Mama_Sampuli

Naungana na Mkaguzi kuhusu kuripoti. Mimi nijikite kwenye miezi mitatu ya mwanzo, kwa sababu wasimamizi wapya wengi huingia na kuanza kuandika miongozo. Usianze na makaratasi. Anza na namba za maabara yako: unaweza kuziamini?

Wiki ya kwanza chukua chupa ya sodiamu haidroksaidi 0.1 M (moli 0.1 kwa lita) iliyoko mezani na uihakiki upya mwenyewe. Kausha potasiamu haidrojeni thaleti nyuzi 110 hadi 120 kwa saa mbili, ipoe kwenye desiketa (chombo kisichoingiza unyevu), pima karibu gramu 0.51 hadi desimali ya nne, iyeyushe kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa, weka fenolfthalini ya kuonyesha rangi, shusha bureti. Gramu 0.5105 inakula mililita 25.00 za myeyusho wa 0.1000 M barabara. Rudia mara tatu hadi nne, tofauti kati ya majibu isizidi asilimia 0.2.

Mara nyingi utakuta chupa imeandikwa 0.1000 na ukweli wake ni kama 0.096. Sodiamu haidroksaidi inakunywa kaboni dayoksaidi ya hewani kila kifuniko kinapofunguliwa, na kama maji ya kutengenezea hayakuchemshwa, ilianza kushuka siku ileile ya kwanza. Sasa fuatilia madhara yake kiwandani. Myeyusho ni dhaifu, kwa hiyo bureti inashuka zaidi. Wewe unapiga hesabu kwa 0.1000, asidi huria inaonekana kubwa kuliko ilivyo kwa asilimia 4. Watu wa usafishaji wanapanga dozi ya soda kwa namba yako. Soda ikizidi inageuza mafuta mazuri kuwa sabuni, na mafuta hayo yanaondoka na masalia. Ukiweza kumwonyesha mkurugenzi mnyororo huo kwenye karatasi moja, bajeti ya chupa yenye mtego wa chokaa-soda na ya kuhakiki myeyusho kila wiki utaipata bila kubembeleza.

Angalieni na kizidishio. Kwa mafuta mengi asidi huria hutolewa kama oleiki, mililita mara molari mara 28.2, gawa kwa gramu za sampuli. Kwa mawese hutolewa kama palmitiki, kizidishio 25.6. Zamu mbili zikitumia vizidishio viwili tofauti kwa tangi moja, mtagombana hadi usiku na wote mmepima vizuri.

Mwezi wa pili fungua chati ya udhibiti. Chukua lita kadhaa za mafuta ya aina moja, changanya, gawa kwenye chupa ndogo za kahawia zilizojaa hadi shingoni, hifadhi kwenye jokofu la kugandisha. Pima chupa moja kila siku pamoja na sampuli za kawaida. Ukishapata majibu 20, tafuta wastani na mkengeuko. Tuseme wastani wa peroksaidi ni 4.60 na mkengeuko 0.15: mistari ya onyo ni 4.30 na 4.90, mistari ya kusimama ni 4.15 na 5.05. Jibu moja likivuka mstari wa kusimama, hakuna tokeo la siku hiyo linalotoka hadi sababu ijulikane. Majibu mawili kati ya matatu mfululizo yakivuka onyo upande mmoja, hesabu ni hilohilo. Majibu manane mfululizo juu ya wastani, hata kama yote yako ndani, kuna kitu kinasogea polepole: wanga wa kuonyesha rangi umechakaa, thaiosalfeti (myeyusho wa bureti kwa kipimo hiki) imeshuka, au sampuli yenyewe ya udhibiti imeanza kuharibika. Hili la mwisho utalitambua kwa kufungua chupa iliyokaa gizani bila kuguswa tangu mwanzo.

Kwa peroksaidi hasa, tazama sampuli tupu, yaani vitendanishi bila mafuta. Isizidi mililita 0.1 ya thaiosalfeti 0.1 N. Ikizidi, mshitakiwa wa kwanza ni potasiamu ayodaidi iliyokaa mwangani hadi ikawa njano. Itengeneze siku hiyohiyo, na fuwele zionekane chini ya chupa, ndiyo dalili kwamba myeyusho umeshiba.

Mwezi wa tatu ndipo uandike. Kila utaratibu uandikwe na anayefanya kazi hiyo. Wewe ni mhariri tu.

---

fundi_mizani

Nyongeza fupi kwenye vifaa.

Mizani: Dar unyevu ni mwingi na watu wanazima kiyoyozi usiku kuokoa umeme. Asubuhi kinawashwa, upepo unaipiga mizani moja kwa moja, desimali ya nne inacheza kama feni. Mizani ya uchambuzi ikae kwenye umeme muda wote, meza nzito, mbali na mlango na mbali na mdomo wa kiyoyozi. Kila asubuhi tazama kipovu cha usawa, kisha weka mawe mawili ya kuhakiki, moja karibu na uzito mnaopima sana, moja karibu na mwisho wa uwezo. Andika namba iliyosomeka, usiandike "sawa".

Cheti cha ugezi (kulinganisha kifaa na kipimo cha rejea): usikifungie kwenye faili kwa sababu tu kuna stika ya kijani. Soma safu ya kosa na safu ya mashaka ya kipimo, linganisha na kiwango ulichojiwekea. Kama mbinu yako inadai kosa lisizidi miligramu 0.5 na cheti kinasema kosa 0.4 na mashaka 0.3, mizani hiyo haikufai hata kama aliyeileta amesema imepita. Maabara ya ugezi ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, wanafanya mizani, vipimajoto na vyombo vya ujazo. Wapelekee ombi mapema na uwaandikie viwango vya kupima unavyovitaka, wasikuchagulie.

Pipeti unaweza kuhakiki mwenyewe kati ya ugezi mmoja na mwingine. Vuta maji safi mara 10, pima kila mara, zidisha miligramu kwa 1.004 kama maji yana nyuzi 25, upate mikrolita.

---

binti_wa_bureti

Nashukuru sana. Chupa ya sodiamu haidroksaidi nimeihakiki leo, imetoka 0.0968. Mstari wa kuripoti nitauweka kwenye majibu yangu kwa uongozi. Bado nasubiri mawazo kuhusu mafundi na klorofomu.

---

dada_wa_Kigamboni

Nianze na klorofomu, hiyo haisubiri cheo. Si lazima uiendeleze. Mbinu ya zamani ya AOCS (chama cha Marekani cha wakemia wa mafuta), Cd 8-53, inatumia asidi asetiki na klorofomu 3 kwa 2, mililita 30. Ipo Cd 8b-90 inayotumia isooktani badala ya klorofomu: gramu 5 za mafuta, mililita 50 za asidi asetiki na isooktani 3 kwa 2, mililita 0.5 za potasiamu ayodaidi iliyoshiba, tikisa dakika moja kamili, ongeza maji mililita 30, pima kwa thaiosalfeti. Hesabu haibadiliki: mililita za sampuli toa za sampuli tupu, mara normali, mara 1000, gawa kwa gramu. Mililita 2.4 toa 0.1, thaiosalfeti 0.01 N, gramu 5.00, unapata 4.6.

Kinachowakwaza watu wakibadilisha ni hiki. Klorofomu ni nzito, inakaa chini. Isooktani inaelea juu ya maji na kubaki na ayodini. Ukitikisa kivivu utaona rangi imekwisha, unafunga bureti, baada ya sekunde 20 bluu inarudi. Tumia kichanganyio cha sumaku kwa nguvu na ungoje karibu na mwisho, hasa mafuta yakiwa na peroksaidi kubwa. Pili, isooktani inashika moto kirahisi, mvuke wake unaweza kuwaka kuanzia nyuzi 12 chini ya sifuri, kwa hiyo jiko la umeme liondoke kwenye meza hiyo na chupa zikae kwenye kabati la vimiminika vya moto. Pima mafuta kama 10, yenye peroksaidi ya chini na ya juu, kwa mbinu zote mbili, ulinganishe jozi kwa jozi. Hiyo ndiyo kazi yako ya kwanza ya uhakiki, na itaingia kwenye faili la ithibati. Heksani nayo itazame. Inaharibu neva za fahamu, na mahali pengi heptani inafanya kazi hiyohiyo ukishahakiki.

Sheria: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamkataza mwajiri kumpa mjamzito au anayenyonyesha kazi yenye hatari kwa afya yake au ya mtoto, na pale inapowezekana ampe kazi nyingine inayofaa bila kumshushia masharti. Likizo ya uzazi ni siku 84 zenye malipo, 100 kama ni zaidi ya mtoto mmoja. Taarifa itolewe angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya kujifungua, na cheti cha daktari. Kunyonyesha ni hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Sema na mwajiri kwa maandishi. Na usingoje ujauzito uonekane ndipo uondoke kwenye viyeyushi, kwa sababu wiki za mwanzo kabisa ndizo viungo vya mtoto vinaundwa.

Andaa pia mtu wa kukaimu. ISO 17025 haikubani uwe peke yako. Mwidhinishe mtu wa pili kusaini matokeo miezi sita kabla, asaini mbele yako, ili likizo yako isisimamishe maabara.

Mafundi: shikamoo yao wapewe kila asubuhi, na kazi isimamiwe kwa karatasi. Kifungu cha 6.2 kinadai kila mtu aidhinishwe kwa maandishi kwa kazi mahususi. Basi idhinisha wote sita kwa njia moja, na wewe uwemo: kila mmoja anapewa sampuli tatu zisizo na jina, thamani yake unaijua wewe na karatasi iliyofungwa (zako aziandae mtu mwingine), anapima mara mbili mbili. Anayepata ndani ya kiwango anaidhinishwa. Mzee wa miaka 20 kazini akipata vizuri, na mara nyingi atapata, umempa heshima ambayo hakuwahi kuandikiwa. Asipopata, namba ndiyo imesema, hukusema wewe. Mmoja wao mpe umiliki wa mizani na vyombo vya ujazo, jina lake liandikwe.

Kitu kimoja usikilegezee hata kwa mkubwa: kufuta. Hakuna kifutio cheupe, hakuna karatasi ya pembeni inayonakiliwa baadaye. Kosa linakatwa mstari mmoja, namba ya zamani isomeke, mpya kando, sahihi na tarehe.

---

Mama_Sampuli

Nimesahau upande wa fedha, na ndiko wasimamizi wanaotoka kwenye kupima huangukia.

Gharama ya kipimo msiihesabu kwa sampuli za mteja tu. Chukua vitamini A: sampuli 10, lakini unadunga viwango 5 (miyeyusho ambayo kiasi chake kinajulikana), tupu 1, udhibiti 1, rudio 1. Jumla 18. Kwa dakika 15 kila mdungo ni saa 4 na nusu za mashine. Ukigawa gharama kwa 18 na kuiita bei ya sampuli moja, umepoteza karibu asilimia 44 kila siku na bajeti itaisha mwezi wa tisa bila kujua imekwenda wapi.

Akiba: matumizi ya mwezi mara miezi ya kusubiri mzigo, ongeza mwezi mmoja wa tahadhari. Isooktani chupa 4 kwa mwezi, mzigo unachukua miezi 3, basi agiza chupa zikibaki 16, usingoje zibaki 4. Asetoni, asidi salfuriki na asidi haidrokloriki ziko kwenye orodha ya kemikali bashirifu (zinazoweza kutumika kutengenezea dawa za kulevya), zina vibali vyake, ziwekee muda mrefu zaidi. Usajili wa kemikali kwa Mkemia Mkuu wa Serikali hakikisha uko hai kabla hujaagiza, la sivyo mzigo utakaa bandarini na gharama za kuhifadhi zinahesabika kila siku.

Na ombi la mkataba wa matengenezo ya HPLC liweke kwenye bajeti ileile ya kununua mashine, kamwe usiseme tutaona mwakani.

---

binti_wa_bureti

Nimeanza kuhesabu kabati leo. Nyuma kabisa kuna chupa ya kioo ya dietili etha, ile iliyotumika zamani na ethanoli kwa asidi huria. Haina tarehe ya kufunguliwa, na shingoni chini ya kifuniko kuna kitu cheupe kama chumvi. Niimwage nje kwenye hewa ivukize?

---

dada_wa_Kigamboni

Usiiguse. Usifungue kifuniko, usiisogeze, usiifute vumbi.

Etha ikikaa na hewa na mwanga hutengeneza peroksaidi, na hizo chembe nyeupe shingoni huenda ndizo. Msuguano wa kifuniko tu unatosha kuzilipua. Funga chumba, zima kitu chochote chenye cheche au moto humo ndani, bandika karatasi mlangoni, watu wote watoke. Mjulishe mkuu wa usalama wa kiwanda sasa hivi, awapigie Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali na Zimamoto. Wape wanachouliza: jina, ujazo wa chupa, imebaki kiasi gani kwa kukadiria kwa macho, iko rafu ya ngapi, imepakana na nini.

Msafisha chumba wa jioni aambiwe kabla hajaingia.

---

binti_wa_bureti

Mlango umefungwa, msafishaji nimemwambia mwenyewe, mkuu wa usalama yuko kwenye simu nao. Wamesema wanakuja, tusikae hata korido ya nyuma. Nimewapa: lita 2.5, imebaki kama robo, rafu ya chini, kulia kwake kuna ethanoli chupa mbili.